Watoto na Intaneti Nyumbani: Baba na Mama Wawe na Kauli Moja



Zamani mzazi alijua mahali ambapo mambo mabaya yalipatikana. Palikuwa na kilabu cha pombe, kibanda cha video karibu na soko, na kijana fulani ambaye kila mtu mtaani alizijua tabia zake. Mzazi alimkataza mtoto kupita huko, akamwagiza awe nyumbani kabla ya giza kuingia, na mlango ulipofungwa komeo usiku alilala akijua kwamba watoto wake wako salama. Siku hizi mlango waweza kufungwa komeo na mtu msiyemjua akawa tayari yumo ndani, akiandikiana na mtoto wenu wa Gredi ya Sita chini ya blanketi.

Simu haikuingia nyumbani kwetu kwa nia mbaya. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wazazi wengi walijinyima ili watoto wapate masomo kwa simu. Wanafunzi wote waliporudi darasani Januari 2021, simu haikurudi kabatini. Mtaala wa umilisi nao huwapa watoto kazi za nyumbani zinazohitaji kutafuta picha na maelezo, na aghalabu simu inayotumika ni ya mama au ya baba. Basi haitoshi kusema, "Katika nyumba hii simu ni marufuku." Mtoto atakayezuiliwa nyumbani ataiona simu ya jirani, ya binamu, au ya mwenzake njiani.

Tufanyeje basi? Ziko kufuli za kuweka kwenye simu, nasi tutazieleza. Lakini kinga ya kwanza si kufuli. Kinga ya kwanza ni mume na mke kukubaliana, na mtoto kujua kwamba anaweza kuwaendea wote wawili bila kuogopa.

1. Tunawakinga na nini?

Ni vizuri kuyataja mambo kwa majina yake, kwa maana mzazi asiyejua hatari hawezi kumwonya mtoto.

Kwanza ni picha na video za ngono. Mtoto hahitaji kuzitafuta. Hutumwa katika makundi ya WhatsApp, hujitokeza kama matangazo, au huja kwa kukosea herufi moja. Ubaya wake si aibu tu. Humfundisha mtoto kwamba mwili wa mwenzake ni kitu cha kutumiwa, na humfundisha hivyo kabla baba na mama hawajamweleza uzuri wa upendo wa mume na mke.

Pili ni watu wanaowawinda watoto. Utafiti kuhusu Kenya uliochapishwa mwaka 2021 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ulihusu watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Ulionyesha kwamba kati ya 7 na 13 katika kila 100 walikuwa wamekumbwa na dhuluma ya kingono kupitia mitandao katika muda wa mwaka mmoja. Baadhi waliahidiwa pesa au zawadi ili watume picha za miili yao, na wengine walitishwa. Jambo la kutushtua zaidi ni kwamba mara nyingi mhalifu alikuwa mtu ambaye mtoto alimjua tayari. Kwa hiyo kumwambia mtoto "usiongee na wageni" hakutoshi.

Tatu ni ukatili wa wenzake. Mtoto hutukanwa na kuchekwa katika kundi la darasa, naye hubeba kidonda hicho peke yake hadi usiku. Siku hizi ziko pia programu zinazotengeneza picha ya uchi ya uongo kutokana na picha ya kawaida ya mtu. Wazazi wanaobandika picha za watoto wao kila mahali wafikirie jambo hili.

Nne ni kamari. Sheria ya Kenya haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini mtoto anayeijua namba ya siri ya M-Pesa ya mzazi wake hazuiliwi na chochote.

2. Ufa huanzia wapi?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba nyingi ufa huu hauanzii kwenye simu, bali kati ya mume na mke.

Tuchukue mfano wa mume anayefanya kazi Mombasa na mke anayekaa na watoto nyumbani Kakamega. Mume huja Krismasi na Pasaka. Kwa kuwa anaona uchungu kuwa mbali, humletea kijana wake wa miaka 12 simu ya kisasa. Mke hakuulizwa. Akijaribu kuweka saa za kuitumia, kijana hujibu, "Baba ndiye aliyeninunulia." Mke akimpigia mume simu kulalamika, mume husema, "Mwache mtoto, wenzake wote wanazo." Kutoka siku hiyo kijana amejua kwamba nyumba yao ina sheria mbili, naye huchagua ile inayompendeza. Mume hakukusudia mabaya, alitaka kuonyesha upendo. Lakini zawadi ambayo haikupitia kwa mwenzake wa ndoa imeondoa mamlaka ya mama, naye ndiye anayebaki na mtoto kila usiku.

Ufa wa pili ni mfano wetu wenyewe. Iko simu ya baba ambayo ina video chafu zilizotumwa na rafiki zake wa kazini, naye hakuzifuta. Jioni mtoto huiomba ili apige picha ya kazi ya nyumbani, hufungua mahali pa picha, na hapo hujifunza mambo mawili kwa mara moja: mambo yenyewe, na kwamba baba huyatazama. Iko pia simu ya mama ambayo haiwekwi chini tangu ugali unapoandaliwa hadi vyombo vinapooshwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hatuwezi kumdai mtoto usafi wa macho na kiasi ambavyo sisi wenyewe hatuna.

Ufa wa tatu ni aibu. Katika jamii zetu nyingi mambo ya mwili yalifundishwa na nyanya, shangazi au wazee wakati wa jando. Leo nyanya yuko mbali, na kila mzazi hudhani mwenzake atasema. Baba husema, "Hayo ni ya mama yao." Mama husema, "Wavulana ni wa baba yao." Mwishowe mtoto hufundishwa na simu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alikumbusha kwamba elimu kuhusu mwili na mapendo ni haki na wajibu wa wazazi kwanza. Haitupasi kuikabidhi kwa mtu mwingine, sembuse kwa simu.

3. Kaeni wawili kabla ya kuwaita watoto

Tunakumbuka jinsi Maria na Yosefu walivyomkosa Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12. Injili haitusimulii kwamba walilaumiana njiani. Walirudi Yerusalemu wakamtafuta wote wawili, na walipompata Hekaluni Maria alimwuliza mwanawe sababu, akizungumza kwa niaba yake na ya Yosefu. Kisha wakarudi nyumbani pamoja. Hilo ni somo kubwa kwa mume na mke: kutafuta pamoja, kuuliza kwanza, na kuwa na sauti moja.

Basi chagueni usiku mmoja watoto wakishalala. Ikiwa mmoja wenu yuko mbali, pangeni saa ya kuongea kwa simu bila haraka. Kila mmoja aseme anachokiogopa, na mwenzake asimkatize. Kisha mkubaliane juu ya mambo matano: mtoto gani atatumia simu gani, saa ngapi, mahali gani, nani anaijua namba ya siri, na kanuni ikivunjwa itakuwaje. Andikeni mliyokubaliana kwenye daftari.

Hatimaye waiteni watoto, na aliye mbali awaeleze yeye mwenyewe kwa sauti yake, ili asiwepo wa kusema kwamba hayo ni ya mama tu. Mtoto akimwomba mmoja wenu ruhusa isiyo katika mapatano, jibu liwe moja: "Nitazungumza na mama yako," au "Nitazungumza na baba yako." Maneno hayo machache huziba ufa mwingi.

Je, kama mwenzako hataki kusikia? Usigombane naye mbele ya watoto, wala usimseme vibaya kwao. Anza na simu yako mwenyewe. Tafuta saa ambayo ametulia, umweleze jambo moja tu, lile linalokutia hofu zaidi. Ikishindikana, waombeni mume na mke mnaowaheshimu katika Jumuiya yenu Ndogo ya Kikristo waje wazungumze nanyi.

4. Kanuni chache zinazofuatwa na wote

Kanuni nyingi hazishikiki. Hizi zimefaa katika nyumba nyingi.

Simu na kompyuta zitumike sebuleni, mahali watu wanapopita, wala si chumbani mlango ukiwa umefungwa. Nyumba ikiwa ya chumba kimoja, mtoto aketi skrini yake ikiwaelekea wengine.

Saa tatu usiku simu zote ziwekwe pamoja mahali pamoja, na za wazazi zikiwamo. Anayehitaji kuamshwa asubuhi anunuliwe saa ya mezani.

Wakati wa chakula na wakati wa sala simu zisiwepo.

Mtoto asifunguliwe akaunti kabla ya umri unaotakiwa. TikTok, Facebook na Instagram hudai angalau miaka 13. Mzazi anayemwandikia mtoto mwaka wa uongo wa kuzaliwa amemfundisha kudanganya, na pia ameondoa kinga ambazo kampuni hizo huweka kwa akaunti za watoto.

Mapatano haya wayajue pia msaidizi wa nyumbani, nyanya, na binamu wanaokuja likizoni. Aghalabu simu ambayo mtoto huiona ya kwanza si ya mzazi.

5. Kufuli za simu

Mkishakubaliana, wekeni kufuli. Mzazi asiyezielewa amwombe mwalimu au kijana mwaminifu wa parokia amwonyeshe.

Kwa simu za Android iko programu ya bure ya Google iitwayo Family Link. Mzazi huiweka kwenye simu yake, akaiunganisha na akaunti ya mtoto. Kisha huweza kuidhinisha programu kabla hazijaingia, kuweka kikomo cha saa, na kuifunga simu usiku. Katika iPhone kazi hiyo hufanywa katika mipangilio, mahali panapoitwa Screen Time.

Katika utafutaji wa Google washeni SafeSearch, inayochuja picha za ngono. Kwa watoto wadogo tumieni YouTube Kids badala ya YouTube ya kawaida.

Simu nyingi za Android zilizotengenezwa tangu mwaka 2018 zina mahali katika mipangilio ya mtandao panapoitwa Private DNS. Mkiandika hapo anwani family.cloudflare-dns.com, simu hiyo itakataa kufungua tovuti nyingi za ngono, na huduma hiyo ni ya bure. Wenye waifai nyumbani wanaweza kumwomba fundi aweke namba 1.1.1.3 kwenye rauta, ili simu zinazotumia waifai hiyo zikingwe, hata za wageni.

Katika WhatsApp, nendeni kwenye mipangilio ya faragha, mchague kwamba ni watu waliohifadhiwa kwenye simu tu wanaoweza kumwingiza mtoto katika makundi.

Hata hivyo msizitegemee kufuli kupita kiasi. Mtoto wa miaka 14 huweza kuzifungua, na bando la rafiki halipiti kwenye waifai yenu. Kufuli humpunguzia mtoto mdogo ajali, na humpa mkubwa nafasi ya kufikiri mara mbili. Kazi iliyobaki ni ya mazungumzo.

6. Mtoto akishaona

Hapa ndipo penye uzito wote wa somo hili. Ipo siku mtoto wenu ataona kitu kibaya. Swali ni moja: je, atawaambia?

Mtoto aliyechapwa alipokutwa na picha mbaya hajifunzi kuzichukia. Hujifunza kujificha. Na mtu mwovu anayemtisha, akisema, "Usipotuma nyingine nitawaonyesha wazazi wako," nguvu yake yote iko katika hofu hiyo. Mtoto anayewaogopa wazazi wake kuliko anavyomwogopa mhalifu yuko mikononi mwa mhalifu. Ndiyo maana fimbo, ambayo wengi wetu tuliijua utotoni, haifai katika jambo hili.

Kwa hiyo waambieni watoto mapema, kabla lolote halijatokea, tena wote wawili mkiwapo: "Ukiona kitu kinachokutia aibu au hofu, njoo utuambie. Hatutakupiga. Hata kama wewe ndiwe uliyekitafuta, njoo." Kisha itimizeni ahadi hiyo siku atakapokuja. Ikivunjwa mara moja, hatarudi tena.

Akija, mzazi anyamaze kwanza, avute pumzi. Amshukuru kwa kusema. Amwulize aliona nini, wapi, na nani alimwonyesha, kwa sauti ya kawaida. Amweleze kwa maneno yanayofaa umri wake kwamba mwili ni kazi njema ya Mungu, na kwamba watu wale katika picha ni watoto wa mtu, nao wametumiwa. Mtoto mkubwa aambiwe pia kwamba yale si picha ya kweli ya maisha ya ndoa.

Kuna neno moja ambalo mume na mke walikatae kabisa siku hiyo: "Ona mtoto wako!" Mtoto akisikia mnalaumiana kwa sababu yake, ataamini kwamba kosa lake limevunja nyumba, na safari ijayo atanyamaza ili kuwalinda ninyi.

Msimnyang'anye simu papo hapo kama adhabu ya kusema ukweli. Kama kuna haja ya kupunguza saa, amueni baadaye mkiwa wawili, na mumweleze sababu.

7. Kukiwa na mtu anayemtisha

Hili si jambo la kumalizia nyumbani wala la kufunika kwa kuhofia majirani, hata mhusika akiwa ndugu, mwalimu au mtu wa kanisa.

Msilipe pesa, wala mtoto asitume picha nyingine, maana mtishaji hatosheki. Msifute ujumbe wake. Hifadhini namba, jina la akaunti na tarehe. Msizisambaze picha za mtoto kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kutafuta msaada. Chini ya sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao ya mwaka 2018, kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa linaloweza kuleta kifungo cha hadi miaka 25.

Pigeni simu 116, ambayo ni namba ya bure ya Childline Kenya, saa yoyote ya mchana au usiku. Mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga, kwa hiyo mfundisheni aikariri. Nendeni kituo cha polisi au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Ili picha ziondolewe kwenye mitandao, iko huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya shirika la NCMEC la Marekani, inayosaidia kuzizuia bila kudai kutumiwa picha zenyewe.

8. Kumlea ajitawale

Mtoto hatabaki chini ya jicho letu. Atakwenda shule ya bweni, kisha chuo, na huko hakuna Family Link. Katika waraka wa Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Baba Mtakatifu Fransisko alieleza kwamba kumwandama mtoto kila hatua si malezi. Alisema kwamba kujua moyo wake uko wapi ni muhimu zaidi kuliko kujua mwili wake uko wapi. Kwa hiyo kanuni zilegezwe kidogo kidogo mtoto anapoonyesha uaminifu, na ajue sababu ya kila moja. Lengo letu ni kijana atakayeifunga tovuti chafu mwenyewe akiwa peke yake, kwa sababu anajua thamani yake na ya mwenzake.

Maswali ya kujadiliana, mume na mke

1. Je, ni lini tulipozungumza mara ya mwisho juu ya simu na watoto bila kugombana?

2. Kila mmoja wetu anaweza kumpa mtoto simu yake bila kwanza kufuta kitu? Kama sivyo, ni kitu gani tunachopaswa kuacha?

3. Watoto wetu wakiona jambo la kutia hofu, wangemwendea nani kati yetu? Kwa nini si yule mwingine?

4. Ni kanuni ipi ambayo mmoja wetu huivunja mara kwa mara mbele ya watoto?

Azimio la mwezi

Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja aifungue simu yake mbele ya mwenzake na kufuta visivyofaa. Kisha waiteni watoto, muwape ahadi ile mkiwa wawili: wakiwaambia ukweli hamtawapiga. Na usiku huo, saa tatu ikifika, simu za baba na mama ziwe za kwanza kuwekwa mahali pake.